Ukuta wa Kitisuru Wamzuia Nani?

Juzi nililala siku tatu Kitisuru, kwa mpwa wangu, katika nyumba zile za Nairobi zenye miti mirefu na kuta ndefu. Mwanawe yuko kidato cha tatu. Ana chumba chake, meza yake, kompyuta yake, na mwalimu wa hisabati aletwaye kila Jumamosi kwa malipo. Lakini alama hazipandi.

"Mjomba," mpwa wangu alinilalamikia, "mtoto huyu tumempa kila kitu."

"Na mwenzake wa kudurusu naye, mumempa?" nilimuuliza. Akanyamaza.

Sisi tuliosomea chuoni jambo hili twalijua. Mwalimu alikuwa mmoja na wanafunzi wengi. Wakubwa walisikizwa na mwalimu, wadogo tukasikizwa na wakubwa. Juzuu ya Amma nalifunzwa zaidi na mwenzangu aliyenitangulia sura mbili tatu. Naye, kwa kunisahihisha mimi, zake zikazidi kumkaa kifuani.

Sisemi kuwa kila rafiki ni kheri. Wenzangu hao hao ndio walionivuta kwenda kuogelea saa za chuo, na bakora tukaila pamoja. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemfananisha rafiki mwema na mwenye miski, na rafiki mbaya na mvukuta moto wa mhunzi. Kwa wa kwanza hukosi harufu nzuri. Kwa wa pili huenda ukaunguza nguo. Basi amfungiaye mwanawe asifike penye mvukuto, humfungia na miski pia.

Na je, kweli amefungika? Usiku nilimsikia kijana akicheka na simu hadi saa saba, na watu ambao babake wala mamake hawawajui. Ukuta haukumzuia yeye kupata marafiki. Umewazuia wazazi kuwajua.

Rai yangu ni nyepesi. Lango na lifunguliwe Jumapili alasiri, waje wanafunzi watatu wanne na vitabu vyao, wapewe chai na barza ya kukaa. Wasiwe wa Kitisuru tu. Kangemi si mbali, na huko nako mna vijana wazijuao hesabu. Mzazi akae karibu, asikize, awajue.

Mwalimu wa Jumamosi huja saa mbili akenda zake. Rafiki yu na mwanao juma zima. Jina la mwalimu mwalijua, na ujira wake mwaujua. La rafiki je?