Punda wa Horini

Mtu atakayeifungua Injili ya Luka kwa nia ya kuwatafuta ng'ombe na punda waliomzunguka Mtoto Yesu usiku wa kuzaliwa kwake, hatawakuta. Atakuta hori, atakuta wachungaji na kundi lao kondeni, na akisoma Biblia yetu ya Kiswahili atamwona ng'ombe katajwa kwa kulieleza hori tu, bali punda hayumo kabisa. Hata hivyo, wachongaji wa Kikristo tangu karne ya 4 hawakukubali kumwacha nje. Katika kanisa la Mtakatifu Ambrosi mjini Milan, chini ya mimbari, liko sanduku la mawe la kuzikia la karne hiyo, na juu ya kifuniko chake amechongwa Mtoto kati ya ng'ombe na punda, pasipo Mariamu wala Yusufu.

Asili ya mchongo huo ni nabii Isaya, aliyeilaumu kaumu yake kwa kuwapigia mfano wa wanyama hao wawili, wanaomtambua mwenye kuwafuga ilhali watu wamemsahau Mola wao. Naye Fransisko wa Asizi, Noeli ya mwaka 1223 huko Greccio, alitaka majani makavu, na ng'ombe hai, na punda hai, wasimame wakipumua mbele ya waumini.

Sanaa hiyo yatuhukumu. Kila Desemba twamtandikia majani punda wa udongo na kumwashia taa, na njiani tuendako ibadani twampita mwenziwe wa nyama na damu, mgongo umechubuka, madumu ya maji yamemlemea, na fimbo ingali juu yake. Wengine, kwa miaka kadhaa, walichinjwa kwa maelfu ili ngozi zao zipelekwe Uchina kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na wanyonge wakaibiwa punda zizini, hata Umoja wa Afrika ukapiga marufuku uchinjaji huo mwezi Februari 2024. Na katika mimbari nilizozisikiliza mimi, sikusikia neno.

Luka huyo huyo ndiye aliyeandika ya kuwa Bwana aliwakumbusha watu wa sinagogi jinsi wamfunguavyo ng'ombe au punda hata siku ya sabato, wakampeleka kunywa maji. Basi Noeli ijayo namwomba mhubiri asimame mbele ya hori lake la udongo, aulize hadharani ni nani kati ya waliohudhuria ana punda nyumbani, na kama amemnywesha asubuhi hiyo.