Kazi za Mikono: Gundi na Namna Inavyokauka



Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu kidogo ambacho hakuna nyumba isiyokihitaji, nacho ni gundi. Mtoto wa shule aitaka kwa kitabu kilichopasuka, mama aitaka kwa kiti kilicholegea, seremala aitaka kwa meza, na fundi viatu hawezi kufanya kazi hata siku moja pasipo hiyo. Ukiingia dukani hapa Rubwera utaona gundi za namna nyingi, za kopo, za chupa na za vichupa vidogo. Watu wengi huchukua ile ya bei ndogo, au ile waliyoiona kwa jirani. Basi kiti huachana baada ya mwezi mmoja, kitabu huliwa na mende, na mara nyingine mtoto huumia.

Mambo hayo hutokea kwa sababu kuna neno moja ambalo mnunuzi hakuuliza, nalo ni hili: Gundi hii hukauka kwa njia gani? Kila gundi huanza ikiwa laini, ipate kuingia katika vitundu vidogo vya mti, vya ngozi au vya karatasi; kisha huwa ngumu na kushika. Lakini njia ya kuwa ngumu si moja. Nyingine hukauka kwa kuwa maji yametoka ndani yake. Nyingine hukauka kwa kuwa kimetoka kimiminiko kikali, jamaa ya petroli. Na nyingine haitoi kitu, bali hugeuka yenyewe. Ajuaye njia hizi tatu amekwisha jua ipi ni ya shule, ipi ni ya nyumbani, na ipi ni ya karakana peke yake.

Gundi za maji

Wazee wetu hawakuwa na maduka, lakini walijua kazi hii. Walipaka samadi ya ng'ombe katika nyungo na vihenge, hata matundu yakazibika. Vijana walitega ndege kwa ulimbo, nao ni utomvu wa miti. Watu wa Misri ya kale waliunganisha vipande vya mafunjo, mmea huo huo uotao katika mabwawa ya mto wetu Kagera, wakafanya karatasi ndefu za kuandikia. Plinius, mwandishi Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba gundi ya karatasi hizo ilikuwa unga uliochanganywa na maji ya moto na siki kidogo. Basi gundi ya unga si kitu cha kudharau, wala si kazi ya maskini tu.

Hapa kwetu unga mzuri kwa kazi hiyo ni wa muhogo. Chukua kikombe 1 cha unga uliochekechwa kwa kitambaa, ukoroge katika vikombe 2 vya maji baridi hata madonge yaishe. Chemsha vikombe vingine 6 vya maji. Punguza moto, kisha mimina ule unga polepole huku ukikoroga pasipo kuacha. Utaona uji ule mweupe waanza kuwa mzito na kung'aa kidogo. Maana yake ni kwamba punje za wanga zimevimba na kupasuka kwa joto, na sasa zashikana. Endelea kukoroga kwa dakika kama 5, kisha uipoze. Yeyote atiaye unga mkavu katika maji yachemkayo atapata madonge, wala hatapata gundi.

Gundi hii hudumu siku 2 au 3 tu. Ikinuka uchachu itupwe. Siki kidogo au maji ya ndimu huizuia isioze upesi. Tena kumbukeni kwamba wanga ni chakula, na mende na panya wanajua jambo hilo. Kitabu kilichobandikwa kwa muhogo kiwekwe mahali pakavu, palipo juu, penye hewa.

Walimu waweza kufanya mengi kwa gundi hii pasipo gharama. Mathalani, wavulana wetu hufunga mipira kwa majani makavu ya mgomba. Chukua mpira mmoja wa namna hiyo ulio mviringo, uufunike kwa vipande vyembamba vya magazeti vilivyochovywa katika gundi ya muhogo. Uache ukauke, kisha ufunike tena, hata zipatikane tabaka 5. Juu yake chora bahari na nchi, nawe umepata mfano wa dunia wa kufundishia. Usiharakishe kuweka tabaka la pili juu ya la kwanza lililo bichi, kwa kuwa maji ya ndani hukosa njia ya kutoka, na kazi yote huota ukungu.

Katika jamaa ya gundi za maji imo pia ile ya mgunga, ambayo ni machozi ya mti yaliyokauka. Sudani ndiyo nchi itoayo nyingi kuliko zote duniani. Huyeyuka katika maji baridi, nayo hufaa karatasi na bahasha. Imo na ile ya kale itokayo katika ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ngozi huchemshwa muda mrefu, maji yake huchujwa na kukaushwa, na vipande vyake huloweshwa tena na kupashwa moto siku ya kazi. Maseremala wa Misri waliitumia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hata leo watengenezaji wa fidla huipenda, kwa sababu kiungo chake chaweza kufunguliwa kwa joto na maji pasipo kuvunja mti.

Gundi nyeupe ya seremala

Gundi nyeupe ya mbao iuzwayo siku hizi nayo ni ya maji, ijapokuwa asili yake si mti wala mnyama. Kitu kilicho ndani yake kiligunduliwa na Fritz Klatte huko Ujerumani mwaka 1912. Ni nzuri sana kwa meza, viti, makabati na madawati ya shule. Lakini kwa kuwa hukauka kwa kutoa maji, ina masharti yake, na asiyeyashika hana haki ya kuilaumu gundi.

Sharti la kwanza, ubao uwe mkavu. Mkaratusi au msonobari uliopasuliwa wiki iliyopita umejaa maji. Gundi itayapeleka wapi maji yake? Tena ubao huo utaendelea kupungua ukikauka, na kiungo kitavutwa hata kiachane. Mvua zetu za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Desemba, ni majira ya kuwa na subira.

Sharti la pili, mahali pa kuunganisha pawe safi, pamepigwa randa, na pakutane sawasawa. Gundi iliyopakwa juu ya vumbi imeshika vumbi, haikushika ubao. Wala haifai kujaza pengo kubwa kwa gundi nyingi ukidhani wingi ni nguvu. Safu nyembamba iliyobanwa hushika kuliko nene.

Sharti la tatu, kibane kiungo. Asiye na jiliwa atumie kamba: azungushe kamba mara mbili, apitishe kijiti katikati, akikaze kwa kukisokota. Akiache kimebanwa saa 1 au zaidi, wala asikalie kiti hicho mpaka siku ya pili.

Sharti la nne, usitegemee ncha ya ubao. Ncha hunywa gundi kama ardhi kavu inywavyo mvua. Ndiyo maana fundi mwenye akili huchonga ulimi na tundu, ili ubavu wa ubao ukutane na ubavu. Tena kitu kitakachokaa nje, kama benchi la uani, kisiunganishwe kwa gundi hii ya kawaida, maana maji huilainisha tena.

Gundi ya viatu

Sasa twafika kwenye gundi ya njia ya pili, nayo ndiyo sababu kubwa ya kuandika habari hizi. Ni ile ya rangi ya manjano au kahawia, yenye harufu kali, itumiwayo kwa viatu, ngozi, mipira na magodoro. Nguvu yake ni kubwa. Hupakwa pande zote mbili, huachwa dakika 10 au 15 mpaka kidole hakinati, kisha pande hukutanishwa na kugongwa kwa nyundo. Wanaoharakisha kukutanisha hufungia umaji ndani, na soli hubanduka.

Lakini katika zile dakika 15, ni kitu gani kinachotoka? Si maji, bali ni viyeyushi kama tolueni na heksani, na vyote vyaingia katika pua ya mtu aliye karibu. Katika miaka ya 1960 huko Japani, watu walioshona kandambili majumbani mwao walianza kufa ganzi miguu na mikono, wengine wakashindwa kutembea vema. Matabibu walipochunguza waliona kwamba heksani ya gundi imeharibu mishipa yao ya fahamu. Katika miaka ya 1970 huko Istanbul, mafundi viatu waliotumia gundi yenye benzeni walipatwa na saratani ya damu. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa mafundi wenye bidii, waliofanya kazi mchana kutwa katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha.

Tena yafaa tujue jambo moja ambalo macho hayalioni. Mvuke wa viyeyushi hivi ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka chini na kutambaa sakafuni. Nani akaaye sakafuni? Ni mtoto mchanga achezaye miguuni pa babaye. Na jiko la makaa nalo huwa chini, na mvuke huo huwaka moto kama petroli. Basi fundi, ndugu yangu, fanya kazi hiyo nje au mlangoni penye upepo. Funika kopo mara umalizapo kupaka. Usiipake usiku karibu na kibatari, wala usimpakate mtoto wakati wa kazi hiyo.

Liko na baya zaidi. Katika miji mikubwa kama Nairobi, watoto wa mitaani huvuta gundi hii makusudi, wapate kusahau njaa na baridi. Huumiza ubongo, figo na moyo, na mara nyingine mtoto huanguka na kufa papo hapo, hata ikiwa ni mara yake ya kwanza. Mzazi aonaye harufu hiyo katika nguo za mtoto, au vidonda kandokando ya mdomo, au mwendo wa kilevi pasipo pombe, na aangalie sana. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo, usimpigie kelele wala usimkimbize, kwa kuwa mshtuko waweza kusimamisha moyo uliokwisha kudhoofishwa. Mwondolee gundi kwa upole, mtoe kwenye hewa safi, mpeleke kwa mganga wa hospitali, na maonyo yaje baadaye. Na wenye maduka, mtoto mdogo akija na fedha kuomba gundi ya viatu, muulizeni ametumwa na nani.

Kichupa kidogo

Gundi ya njia ya tatu ni ile ya kichupa kidogo ambayo watu huiita supa gluu. Iligunduliwa na Harry Coover wa Marekani mwaka 1942, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Hii haingoji kukauka. Unyevu kidogo ulio juu ya kitu huigeuza kuwa ngumu kwa sekunde chache. Hufaa vipande vidogo vinavyokutana vema, kama mpini wa kikombe cha mapambo au fremu ya miwani. Kwa mguu wa kiti haifai, kwa kuwa haistahimili kupigwa wala kupindwa.

Vidole vikishikana, usivivute. Viloweshe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, uvitenge polepole. Usiifute kwa pamba, kwa maana pamba huipandisha joto hata kuunguza ngozi. Na zaidi ya yote, usiweke kichupa hiki pamoja na dawa za macho. Vichupa hivi hufanana, na watu wengi katika nchi nyingi wamejitilia gundi machoni wakidhani ni dawa. Likitokea hilo, osha kwa maji mengi ya vuguvugu, usilifungue jicho kwa nguvu, nenda hospitalini mara moja.

Basi, wapenzi wasomaji, kanuni ni nyepesi. Shuleni na nyumbani, gundi ya maji yatosha karibu kila kazi. Gundi yenye harufu ikae kwa fundi, nje, na kopo lake lifungwe. Kichupa kidogo kikae juu, mbali na dawa na mbali na mikono ya watoto. Nanyi mnunuapo, ombeni kwanza kusoma maandishi ya kopo. Na asiyejua kusoma amwombe mwanawe amsomee, maana ndiyo faida ya kumpeleka shule.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari ya kunoa patasi na randa.