Tusiwanyime kalamu



Kwa muda mrefu sisi tunaofundisha kisomo cha akina mama tulishika kanuni moja: kusoma kwanza, kuandika baadaye. Wanafunzi wetu ni watu wazima wenye familia na biashara. Tukaona kuwahangaisha na kalamu ni kuwachelewesha. Leo tunakiri kwamba tulikosea.

Kosa hilo alilifichua mwanafunzi wetu mmoja, mama muuza maandazi. Kurasa za kitabu alizisoma bila kusita. Siku tulipoandika ubaoni maneno yale yale kwa mpangilio mwingine, akanyamaza. Kumbe alikuwa amehifadhi. Wenzake nao walitazama herufi za mwanzo, wakakisia zilizobaki.

Tukawapa kalamu. Anayesoma aweza kukisia. Anayeandika hana pa kujificha. Ili aandike "mbuzi", sharti alitamke neno polepole, aisikie kila sauti na kuitafutia herufi yake. Baada ya majuma machache, neno alilolijenga kwa mkono wake mwenyewe alilitambua popote alipolikuta.

Kisha mama yule akaja na daftari. Sentensi yake ya kwanza isiyotoka kitabuni ilikuwa hii: "Nyumba ya pili, maandazi 10, Jumanne." Lilikuwa deni. Awali mteja alipokana, yeye ndiye aliyenyamaza, kwani ushahidi wake ulikuwa kichwani tu.

Tuliona haya. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaamrisha deni liandikwe. Na aya za Suratul Alaq zinazoamrisha kusoma zimeitaja pia kalamu. Tulizijua aya hizo, lakini darasani tukakitenganisha kilichokutanishwa.

Mwambao wetu nao una ushahidi. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858. Kwa kuwa uliandikwa, hata wajukuu wa wajukuu wetu watausoma. Ni mama wangapi wenye hekima waliondoka na nasaha zao kwa kukosa kalamu?

Basi, ndugu wazazi, jioni mtoto anapofungua kitabu, tusiishie kumwambia, "Soma nikusikie." Tumwambie pia, "Andika, nami nisome." Na kama mama mzazi nyumbani hajui kuandika, tuanze na yeye.