Kona ya Muuguzi: Uvimbe wa ubongo, alama zake, na maswali ya kuuliza kabla ya kuchanga

Leo nataka tuzungumzie ujumbe ambao wengi mmeniuliza, ule unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia. Una picha mbili za ubongo: ya kwanza ina uvimbe, ya pili uvimbe karibu haupo. Maneno yake yanasema Marekani wamepata dawa ya saratani ya ubongo na inafanya kazi kwa siku tano. Nimesikia familia inayotaka kuuza kiwanja ili mzee wao apelekwe huko. Kabla hamjauza, tusome pamoja.

Habari yenyewe ina msingi wa kweli. Machi 2024 madaktari wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, walichapisha taarifa ya wagonjwa watatu wenye glioblastoma. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa watu wazima kati ya zile zinazoanzia ndani ya ubongo wenyewe. Mama mmoja wa miaka 57 alipewa dozi moja, na siku tano baadaye uvimbe ulikuwa karibu umetoweka. Ujumbe hausemi kwamba walikuwa watu watatu tu, wala kwamba kwa wawili kati yao, mama huyo akiwemo, uvimbe ulirudi.

Kwa nini ulirudi? Hapo ndipo tunapokuja kwenye alama.

Aliyekaa Dar es Salaam anajua kwamba daladala hutambulika kwa mstari wa rangi ubavuni. Huna haja ya kuingia ndani kujua inakwenda wapi. Seli za mwili nazo zina protini zilizochomoza kwenye utando wao wa nje. Baadhi ya protini hizo ni vipokezi: hupokea ujumbe, kwa mfano wa kukua au kugawanyika, na kuupeleka ndani ya seli. Seli ya saratani mara nyingi huwa na vipokezi vingi kupita kiasi, au vilivyoharibika umbo. Kwa daktari, protini ya namna hiyo ina kazi mbili. Inamsaidia kuutambua uvimbe, na inaweza kuwa shabaha ya dawa.

Kwenye saratani ya matiti njia hii imeokoa wengi. Wako akina mama ambao uvimbe wao una protini ya HER2 kwa wingi, na tangu 1998 ipo dawa inayoishika protini hiyo, Herceptin. Mgonjwa hupimwa kwanza. Asiyekuwa na alama hiyo hapewi, kwa sababu haitamsaidia.

Kwenye glioblastoma protini inayotajwa sana ni EGFR. Karibu nusu ya wagonjwa uvimbe wao unayo kupita kiasi, na baadhi yao wana aina iliyokatika kipande, inayoitwa EGFRvIII, ambayo haionekani kwenye ubongo wenye afya. Kwa hesabu ya haraka, kazi ingekuwa imekwisha: tafuta dawa ya kuilenga, tibu. Lakini ubongo una mambo matatu.

Kwanza, mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zinazobana sana, na dawa nyingi zenye molekuli kubwa hazipenyi vizuri. Pili, uvimbe mmoja una seli za aina nyingi. Hapa pana rangi ya njia, pale hapana. Tatu, seli zinaweza kuiacha alama hiyo, kama daladala inayofuta mstari wake na kuendelea na safari.

Hayo yameonekana kwenye utafiti. Chanjo moja iliyolenga EGFRvIII ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 700 katika nchi nyingi, baada ya majaribio madogo kutia moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopewa chanjo hawakuishi muda mrefu kuliko wasiopewa. Uvimbe ulipopimwa tena baada ya kurudi, wengi alama ilikuwa imepotea, hata kwa wale ambao hawakupata chanjo.

Ndiyo maana watu wa Boston walilenga alama mbili. Walichukua seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, wakazifundisha maabara kuisaka EGFRvIII na pia kutoa kiungo kinachoshika EGFR ya kawaida, kisha wakazidunga moja kwa moja kwenye vyumba vya maji ya ubongo. Ni hatua kubwa. Bado ni utafiti.

Kwa hiyo niseme wazi. Katika kazi ya kutambulisha ugonjwa, alama zimeshatusaidia. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, uvimbe unaweza kuitwa glioblastoma kwa kupimwa jeni zake, ikiwemo ya EGFR, hata kama chini ya hadubini unaonekana mpole. Katika kazi ya kuwa shabaha, protini hizi za juu bado hazijatupa tiba ya kudumu. Matibabu ya kawaida yanabaki upasuaji, mionzi na vidonge vya temozolomaidi. Vipimo vya ndani ya seli navyo vina faida: kile cha MGMT huonyesha nani atanufaika zaidi na vidonge hivyo, na baadhi ya watoto wenye badiliko la jeni ya BRAF wana dawa zao, ambazo NHS imeruhusiwa kuzitoa tangu 2024.

Hapa Birmingham tuna bahati. Chuo Kikuu cha Birmingham ndicho kinachoongoza utafiti wa Tessa Jowell BRAIN MATRIX, uliopewa jina la waziri wa zamani aliyefariki kwa glioblastoma Mei 2018. Katika utafiti huo kipande cha uvimbe husomwa jeni zake kwa kina, ili siku za mbele mgonjwa apewe dawa inayolingana na uvimbe wake.

Mkiwa na mgonjwa, hapa au nyumbani, ulizeni haya:

1. Jina kamili la uvimbe ni lipi, na ni wa daraja la ngapi?
2. Alama zipi zimepimwa, na majibu yalikuwaje? Ombeni nakala ya ripoti.
3. Kipande cha uvimbe kimehifadhiwa wapi? Kikiwa kwenye nta hukaa miaka mingi na kinaweza kupimwa tena. Kama mgonjwa alifanyiwa upasuaji MOI pale Muhimbili au Kenyatta, ulizeni hukohuko. Kukituma kipande ni rahisi kuliko kumsafirisha mgonjwa.
4. Je, kuna utafiti unaomfaa yeye, kwa alama zake? Asiyekuwa na alama inayotakiwa hatapokelewa, hata mkiuza viwanja vitatu.

Mwanafunzi aliyelipa ada ya afya pamoja na viza anatibiwa na NHS bila bili ya hospitali. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi anaweza kutozwa, basi ulizeni mapema. Na tafadhali ombeni mkalimani, ni bure. Msimpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kumwambia mama yake jina la ugonjwa.

Dalili msizozipuuza: kichwa kinachouma kwa namna mpya na kuzidi, kutapika asubuhi bila sababu, upande mmoja wa mwili kulegea, maneno kukwama, macho kubadilika, tabia kugeuka. Nendeni kwa GP. Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, pigeni 999. Maombi na dua viendelee gari likiwa njiani.

Kuchangiana ni jadi yetu na inatusitiri. Naomba tu ripoti itangulie mchango. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.