Gobore la urithi haliuzwi kama jembe

KATIKA pitapita zangu wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, nikifuatilia gharama za wakulima wadogo, nilikaribishwa uji na mzee mmoja mwenye shamba la korosho na mahindi. Alikuwa na jambo la kuniuliza. Marehemu baba yake alimwachia gobore. Shemeji yake aliyeko Masasi, anayesumbuliwa na nguruwe pori, alikuwa tayari kulinunua. Mzee alikusudia kulifunga ndani ya mkeka, pamoja na kibuyu cha baruti, alipakie kwenye basi la asubuhi na kumpigia shemeji simu akalipokee stendi.

"Mwanangu, hili si bunduki," aliniambia. "Ni bomba la chuma la zamani. Hata risasi halina."

Kijana wake alimuunga mkono. Alikuwa ameona kwenye simu Wamarekani wakiuziana magobore na kutumiana nyumba kwa nyumba, bila kibali chochote.

Nilimwomba mzee asifanye hivyo. Naandika leo kwa sababu naamini hayuko peke yake. Wapo wakulima wengi wenye chuma cha urithi darini, na wanaona ni mali ya kuuza kama jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Tuanze na hao Wamarekani, maana kijana hakudanganya. Sheria yao ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 inazitoa katika hesabu ya silaha za kawaida bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Mwaka 1998 wakaongeza na zile za kujazwa baruti nyeusi kwa mdomo, hata kama zimetengenezwa juzi, mradi haziwezi kutumia risasi za kisasa. Kwa hiyo mtu binafsi anaweza kumuuzia mwenzake wa jimbo jingine bila kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni.

Lakini hata huko si holela. Majimbo yana masharti yake, na mengine ni makali kuliko sheria ya taifa. Baruti yenyewe posta haiigusi kabisa. Ni mlipuko, husafirishwa kwa taratibu za mizigo ya hatari. Gobore huenda njia yake na baruti njia yake. Mzee wangu alitaka kuvifunga pamoja, chini ya viti vya abiria! Baruti nyeusi hushika moto kwa cheche ndogo tu. Basi moja hubeba watu zaidi ya hamsini, na hakuna kati yao aliyeulizwa kama yuko tayari kusafiri na kibuyu hicho.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mkulima nafuu hiyo ya Kimarekani. Gobore ni silaha. Anayelimiliki lazima awe na leseni, na leseni hiyo ni ya mtu, si ya chuma. Baba akifariki, leseni yake haiwi ya mtoto. Mrithi anapaswa kutoa taarifa polisi na kuomba yake, au kulikabidhi.

Hoja ya "ni la kale" nayo haisaidii. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001 inaziachia nchi zenyewe zieleze ni silaha zipi za kale, lakini imeweka mpaka: iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Magobore mengi ya vijijini kwetu yalifuliwa na mafundi wetu miaka mingi baada ya hapo. Sura yake ni ya enzi za misafara ya pembe za ndovu, lakini umri wake ni wa juzi.

Historia nayo inachekesha kidogo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, lakini uliacha mlango kwa magobore ya jiwe la cheche na baruti ya biashara. Wakubwa wa wakati ule waliona gobore haliwatishi. Labda ndiyo sababu mpaka leo wazee wetu wanalihesabu kama chombo cha shamba tu. Sheria ya leo hailioni hivyo.

Na adhabu si ya mchezo. Kumiliki silaha kinyume cha sheria kumo katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi. Maana yake, suala la dhamana peke yake linaweza kumweka mtu mahabusu msimu mzima, korosho zikiozea chini ya mti. Kwa wenzetu wanaoishi mpakani, kulivusha Mto Ruvuma ni kosa jingine juu ya hilo. Forodha inalitambua gobore kwa namba yake, 9303.10, katika sura ya silaha. Huwezi kulipitisha kama chuma chakavu.

Njia halali ipo, na mkulima aijue. Muuzaji aanze polisi wilayani, aeleze alilonalo na alilipataje. Mnunuzi naye aombe kibali chake kwanza, kuanzia serikali ya kijiji, kupitia kata, wilaya na mkoa hadi kwa Mrajisi wa Silaha. Awe ametimiza miaka 25. Fedha zisipokewe na gobore lisitoke nyumbani kabla kibali hakijatoka. Baruti isiingizwe kabisa katika biashara hiyo, kwani ina sheria yake na vibali vyake.

Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na serikali. Mimi ni mchumi, nahesabu. Tuseme gobore linauzwa shilingi 150,000. Tuseme pia kila safari ya kwenda wilayani na kurudi ni nauli ya shilingi 10,000, na siku moja ya palizi iliyopotea ni nyingine 10,000. Safari nne tu ni shilingi 80,000, na hapo hatujagusa ada wala nauli za mnunuzi. Zaidi ya nusu ya bei imekwisha barabarani. Kwa hesabu hiyo, basi la asubuhi linaonekana rahisi, na mtu mwema anageuka mhalifu kwa sababu ya nauli.

Nchi haifaidiki na hilo. Gobore lililopakiwa kwa siri halina kumbukumbu. Halijulikani liko kwa nani, na kesho linaweza kuwa mikononi mwa jangili. Anayelinda shamba na anayewinda tembo wanatumia chuma kilekile. Kinachowatenganisha ni karatasi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, ofisa wa polisi anayehusika na silaha afike katani kwa siku iliyotangazwa, walau mara mbili kwa mwaka baada ya mavuno, apokee taarifa za warithi na maombi ya wanunuzi kwa pamoja. Ng'ombe huchanjwa kijijini kwao; hawapelekwi wilayani.

Pili, vipindi vya msamaha vitumike vizuri zaidi. Mwaka 2023, kwa mfano, serikali iliruhusu watu kusalimisha silaha bila kushtakiwa kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31. Ni jambo jema. Lakini anayesalimisha anarudi mikono mitupu shambani kwenye nguruwe na nyani. Akipewa hata kifuta jasho kidogo, cha kununulia waya wa uzio au mizinga ya nyuki ya kuzuia tembo, wengi wataleta wenyewe.

Mzee wa Tunduru alinisikiliza hadi uji ukapoa. Kisha akaniuliza, "Sasa nikienda polisi na kusema ninalo, nitarudi nyumbani?"

Nilimshauri aende na mwenyekiti wa kijiji, na gobore aliache nyumbani kwanza. Lakini nakiri swali lake lilinigusa. Mkulima akiiogopa ofisi ya kumsaidia kufuata sheria kuliko anavyoogopa kuivunja, ataendelea kufunga chuma ndani ya mkeka.