Maji ya Shimoni Yaandikwe Daftarini



Wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Je, elimu hiyo unaitumia wapi? Wako wanaoandika hesabu ya mahindi yao. Wako wanaosoma barua za watoto wao bila kumtafuta mtu wa kuwasomea. Hayo ni mambo mema. Leo nataka kuzungumza na wale wanaochimba madini, na wale wanaokaa karibu na machimbo.

Mkoa wetu wa Tanga una wachimbaji wadogo wa dhahabu, hasa katika Handeni na Kilindi. Anayechimba chini sana hukutana na maji. Maoni yangu ni haya: kila shimo la madini liwe na daftari la maji. Yaandikwe maji yanayoingia, maji yanayotolewa, na maji yanayotumika kuoshea madini.

Pengine utasema, "Mwalimu, maji si tunayaona kwa macho? Ya nini kuyaandika?" Ndugu yangu, jicho huona maji ya leo. Maji ya wiki iliyopita jicho limekwisha yasahau. Daftari halisahau.

Tukumbuke yaliyotokea Mirerani, wanakochimba tanzanite. Mwezi Machi 2008 mvua kubwa ilinyesha usiku. Maji yaliingia mashimoni, na makumi ya wachimbaji walikufa. Mwaka 1998 maafa kama hayo yalikuwa yametokea huko huko.

Hata penye mashine kubwa maji huua. Huko Uingereza kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Lofthouse. Tarehe 21 Machi 1973 wachimbaji walikuwa wakikata makaa chini ya ardhi. Hawakujua kwamba wamekaribia shimo la zamani lililojaa maji. Maji yakapasua na kuwafikia. Watu 7 walikufa. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba habari za shimo lile zilikuwa zimeandikwa zamani na wataalamu wa miamba. Wakuu wa mgodi hawakuzisoma. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Lazima tusome tulichoandika.

Kupima maji si kazi ngumu. Mkichota kwa ndoo, hesabuni ndoo. Ndoo 50 za lita 20 ni lita 1,000. Mkitumia pampu, wekeni pipa la lita 200 na kutazama saa. Pipa likijaa kwa dakika 4, pampu inatoa lita 50 kila dakika. Hizo ni lita 3,000 kwa saa. Lakini pampu ya petroli ikae juu, si shimoni, kwa sababu moshi wake huua.

Tieni alama moja chini shimoni. Kila asubuhi, kabla ya kazi, toeni maji mpaka yashuke kwenye alama hiyo. Kisha andikeni muda uliotumika.

Tuseme Jumatatu pampu ilifanya kazi saa 2. Maji yaliyotoka ni lita 6,000. Jumanne ikawa vile vile. Jumatano ikachukua saa 3, yaani lita 9,000. Mvua haikunyesha. Je, hizo lita 3,000 zimetoka wapi? Labda mmekaribia shimo la zamani. Labda mwamba umepasuka. Asiingie mtu mpaka sababu ijulikane!

Najua kwamba siku ya kusimamisha kazi ni siku ya njaa. Mwenye shimo atanung'unika. Wachimbaji nao watanung'unika. Lakini njaa ya siku moja ina mwisho. Mjane na yatima hawana siku ya kurudishiwa mtu wao.

Sasa tuulize: maji yakitoka shimoni yanakwenda wapi? Wanaoosha dhahabu wengi hutumia zebaki, na zebaki ni sumu. Maji yale yakimwagwa mtoni, hunywewa na watu wengine. Mwaka 2003 na 2004 watu wengi waliingia Sakale, katika milima ya Usambara Mashariki, kutafuta dhahabu. Huko ndiko yanakoanzia maji ya Mto Zigi. Na maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa mjini Tanga. Mtu mmoja anachafua mlimani, mtoto wa mwingine anakunywa pwani.

Kwa hiyo maji ya kuoshea yawekwe kwenye bwawa, yatumike tena, wala yasiachwe yatiririke mtoni. Kiasi chake kiandikwe. Kiasi kikipungua sana bwawani bila kutumika, huenda bwawa linavuja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tuiheshimu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema, hata uhai wa mtu hupotea hivyo hivyo. Daftari moja na kalamu moja ni bei ndogo. Wewe uliyejifunza kuandika, usingoje kuambiwa. Lishike daftari hilo wewe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Pipa la lita 200 linajaa kwa dakika 5. Pampu inatoa lita ngapi kwa saa?
2. Katika kijiji chetu, yako wapi mashimo ya zamani yaliyoachwa? Nani anayajua?
3. Maji yakiongezeka shimoni, nani awe na amri ya kusimamisha kazi?