Ngugi na Hewa ya Mikebeni

Tangu Ngugi wa Thiong'o alipofariki dunia mnamo Mei 28, 2025, mengi yamenenwa juu yake: kwamba aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, kwamba aliacha kutunga riwaya kwa Kiingereza akaandika kwa Kikuyu, kwamba aliishia ugenini. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, nina lalama moja. Sifa niliyoipenda zaidi katika riwaya zake haitajwi ila kwa nadra. Mwandishi huyu aliutetea udongo, miti na hewa ya nchi hii, na silaha yake kuu ilikuwa kicheko.

Nitatoa mfano. Katika riwaya aliyoiandika juu ya karatasi za chooni akiwa katika gereza la Kamiti mwaka wa 1978, ikatolewa kwa Kikuyu mwaka wa 1980 na baadaye kwa Kiswahili kwa jina Shetani Msalabani, wezi na wanyang'anyi wanakusanyika pangoni kushindania ubingwa wa wizi. Mmoja wao, Gitutu wa Gataanguru, ambaye amekwisha kutajirika kwa kulangua mashamba, analeta pendekezo jipya: udongo uuzwe kidogo kidogo kwa vyombo, nayo hewa ifungwe mikebeni na kuuzwa. Hata hewa yetu wenyewe yaweza kupelekwa ng'ambo ikapakiwe huko, kisha irudi ikiwa na bei ya juu zaidi.

Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilicheka hadi machozi yakanitoka. Leo sicheki sana. Maji, ambayo wazee wetu waliyateka mtoni bila kumlipa mtu, tunayanunua kwa chupa dukani na kwa mtungi mitaani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Kazi ya tashtiti ni hiyo: hulichukua jambo tulilokwisha kulizoea, yaani kuigeuza ardhi bidhaa, ikalisukuma hatua moja mbele ili tuone upuuzi wake.

Wala Ngugi hakuanza hapo. Katika Petals of Blood, iliyotoka mwaka wa 1977, wakazi wa Ilmorog wanapigwa na ukame, wakafunga safari ndefu ya kwenda mjini kumtafuta mbunge wao. Mwandishi hauchukulii ukame huo kuwa ni kudra ya Mwenyezi Mungu peke yake. Anatuonyesha kwamba njaa ya kijiji ina historia, na kwamba anayeharibu nchi aghalabu siye anayelala njaa.

Kisha ikaja Murogi wa Kagogo, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2004, ambayo kwa Kiingereza ina kurasa zaidi ya 700. Humo Mtawala wa nchi ya Aburiria anaandaliwa zawadi ya siku ya kuzaliwa: jengo la kufika mbinguni, litakalogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia Yote. Mkenya hawezi kuisoma sehemu hiyo asiikumbuke Uhuru Park ya mwaka wa 1989, pale Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya umma. Alitukanwa na kudhihakiwa, lakini jumba halikujengwa. Katika riwaya hiyo pia, Kamiti anakimbilia msituni, na huko anajifunza nguvu za mitishamba. Msitu ni shule na hospitali yake. Na mwandishi aliyempa mganga jina la gereza alimofungwa yeye mwenyewe hakukosa ucheshi.

Sisemi kwamba Ngugi hana dosari. Wakulima wake mara nyingine ni wema kupita kiasi, na matajiri wake ni waovu wasio na chembe ya utu. Dhihaka yake nayo hurefuka hadi msomaji akachoka. Lakini dosari hizo hazinizuii kuvirudia vitabu vyake.

Neno langu kwa walimu wenzangu ni hili. Tumewazoesha wanafunzi kuikariri orodha ya maudhui: ukoloni mamboleo, ufisadi, utabaka. Mwanafunzi anaiandika katika mtihani, anapata alama zake, anakifunga kitabu. Hajaulizwa kamwe mto wa kwao umekauka kwa nini, wala ni nani aliyekatiwa kipande cha uwanja wa shule yake. Mwaka wa 1999, watu waliotaka kupanda miti katika Msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa wastawishaji wa kibinafsi, walipigwa na kujeruhiwa. Msitu huo ungali upo kwa sababu wapo waliokataa. Hilo ni somo la fasihi kama lilivyo la historia.

Nanyi wanafunzi, someni vitabu hivi kabla ya kuusoma mwongozo. Chekeni panapochekesha. Kisha tokeni nje, mtazame kilima kilicho karibu nanyi, mjiulize kama Gitutu hajafika hapo na mikebe yake.